Pointi za leseni: ukikaa kimya, umeshasema

Poleni na mitihani, poleni na baridi, na wale wanaobeba maboksi usiku halafu asubuhi wanaingia darasani, poleni mara mbili.

Mwezi uliopita, baada ya mkutano wa chama, tulibaki wachache tunamalizia chai na maandazi. Mazungumzo yakahamia kwenye magari, kama ilivyo desturi yetu. Dada mmoja wa mwaka wa pili akauliza: "Jamani, bima ya gari langu inaisha wiki ijayo na nina pointi tatu kwenye leseni. Hivi ni lazima niwaambie?" Watu wakaangua kicheko. Kaka mmoja wa Nairobi akamjibu, "Wewe, nani amekutuma? Wakikuuliza, jibu. Wasipokuuliza, nyamaza." Mwingine akadakia, "Acha ijiendeleze yenyewe, dada yangu. Lipa tu, usijitie kiherehere." Ndani ya dakika mbili kikao kizima kilikuwa kimepitisha azimio kwamba anayesema ni mjinga.

Mimi sikuchangia. Nilinyamaza kwa aibu, kwa sababu mwaka juzi na mimi nilikuwa mfuasi mzuri sana wa azimio hilo. Naandika leo kumjibu yule dada, maana pale kwenye chai sikumjibu, na nataka kuwajibu na wale waliocheka. Naomba mnisome hadi mwisho ndipo mnirushie mawe.

Kwanza kisa changu. Ilikuwa Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, natoka shifti ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee. Barabara nyeupe, hata paka hakuna. Kibao kinasema mwisho maili 30 kwa saa, mimi nilikuwa 44. Kamera ikamulika. Nyumbani tungesema nimepigwa tochi. Baada ya siku chache barua ikaja, inamtaka mwenye gari ataje nani alikuwa anaendesha. Nikataja, ni mimi. Nikalipa paundi 100, nikapewa pointi tatu, nikadhani mambo yamekwisha.

Hapo ndipo tunapokosea wengi wetu. Sisi tumekulia mahali ambapo trafiki akikukamata unalipa faini, unapewa risiti (au hupewi), unaondoka, na kesho yake hakuna anayekumbuka. Hapa Uingereza faini ndiyo sehemu ndogo. Pointi zinabaki, na zinakufuata kwenye kila karatasi ya bima utakayojaza kwa miaka.

Miezi minne baadaye kampuni yangu ya bima ikaniandikia. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: huna haja ya kufanya lolote, bima yako itaendelea yenyewe. Moyo ukafurahi. Ukurasa wa tatu kulikuwa na jedwali lenye maelezo yangu: jina, anwani, kazi, aina ya gari, mahali linapolala. Chini kabisa: makosa ya barabarani, hakuna. Halafu mstari mmoja mwembamba: tafadhali hakikisha maelezo haya ni sahihi, na kama kuna lililobadilika tujulishe.

Sitawadanganya. Niliuona ule mstari. Nikaikunja barua, nikaiweka kwenye droo, siku ikafika, hela ikakatwa benki, nikaendelea kuendesha. Nikajiambia kwamba sijasema uongo wowote. Sijaandika kitu, sijaweka tiki popote, hakuna mtu aliyenipigia simu kuniuliza. Nimenyamaza tu.

Sasa tuangalie huko kunyamaza sheria inakuitaje. Zamani hapa Uingereza mambo ya bima yalitawaliwa na sheria ya mwaka 1906 iliyotungwa kwa ajili ya bima za meli. Sheria hiyo ilimtaka anayekata bima aseme yote yenye uzito hata kama hakuulizwa. Ilikuwa kali mno kwa mtu wa kawaida, maana ulitakiwa ubuni mwenyewe kampuni ingependa kujua nini. Bunge likatunga sheria mpya mwaka 2012, ikaanza kufanya kazi Aprili 2013, kwa ajili ya watu kama sisi tunaokata bima zetu binafsi. Sheria hii inaitaka kampuni iulize maswali yenyewe, tena yaeleweke. Wajibu wako ni kuwa mwangalifu usitoe maelezo yasiyo ya kweli.

Yule kaka wa Nairobi atasema, "Si unaona? Wasipouliza, nyamaza." Taratibu, kaka. Sheria hiyohiyo inagusa pia wakati wa kuhuisha bima. Kampuni ikikupelekea maelezo uliyotoa mwanzo, ikakuomba uyathibitishe au uyarekebishe, na wewe usifanye hivyo, huko kutofanya kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kutoa maelezo ya uongo. Yaani ile barua ya ukurasa wa tatu ndilo swali lenyewe. Wamekuuliza, na kimya chako ndilo jibu: makosa hakuna. Wahenga wetu walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Na mshindo wenyewe una vipimo viwili. Ikionekana ulikosea kwa uzembe tu, labda ulichanganya tarehe, kampuni inatakiwa ikutendee kwa uwiano. Tuseme ungesema ukweli ungelipa paundi 1,000 kwa mwaka, wewe ulilipa 800. Hasara yako ikiwa ni paundi 5,000, wanaweza kukulipa asilimia 80 yake, yaani 4,000. Inauma, lakini unapumua. Ikionekana ulijua kabisa, au hukujali kama ni kweli au uongo, hapo wanaweza kuifuta bima tangu siku ya kwanza kana kwamba haikuwahi kuwepo, wakakataa kukulipa, na hela uliyolipia bima kwa kawaida wanabaki nayo. Tena hayo ni mambo ya mkataba tu. Kudanganya kwa makusudi ili upate bima ya gari ni kosa la jinai pia chini ya sheria ya barabarani ya mwaka 1988. Sasa mimi niliyeuona mstari nikaukunja kwenye droo, ningewaambia nini? Kwamba nilipitiwa?

Kilichoniamsha si sheria. Sheria nimeisoma baadaye. Kilichoniamsha ni jamaa yetu mmoja, ambaye simtaji jina wala mji wake. Alikuwa na pointi sita, mwendo kasi mara mbili, na hakuwa amesema. Jioni moja ya mvua akamgonga kwa nyuma mama mmoja aliyesimama kwenye mzunguko wa barabara. Kosa ni lake, wala hakubisha. Kampuni ikaomba namba ya leseni yake, ikatazama, ikaona. Bima ikafutwa tangu mwanzo. Gari lake, alilonunua kwa mkopo, likawa chuma chakavu na hakupata hata senti, na mkopo ukaendelea kukatwa kila mwezi. Yule mama alilipwa gari lake na matibabu ya shingo, maana sheria hapa haimwachi mtu wa tatu aumie kwa uongo wa mwingine. Halafu kampuni ikamgeukia jamaa yetu: rudisha hela tuliyomlipa.

Mnajua kilichofuata. Kwenye simu zetu ikaingia meseji: "Ndugu yetu amepata matatizo, tunaomba mchango wa hali na mali." Nikatoa paundi 20. Wengine walitoa 50. Kuna dada mmoja anayesafisha ofisi alfajiri alitoa 30, na ninajua kwamba ada yake ya muhula ule ilikuwa bado haijakamilika. Usiku ule nililala nikiiwaza droo yangu.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo hoja yangu yenyewe. Tunaizungumzia bima kama vile ni Mzungu mmoja tajiri aliyekaa ghorofani anahesabu hela zetu, na kumdanganya ni ushujaa. Nilimweleza hivyo mzee mmoja wa Tanga ambaye amekaa hapa tangu miaka ya themanini, nilipokwenda kumsalimia sikukuu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, kwetu mnazo zile jumuiya za kufa na kuzikana?" Nikamwambia, "Tunazo, mzee." Akasema, "Akija mtu kujiunga, akaficha kwamba ana mgonjwa mahututi ndani, kesho yake akaleta msiba, mtamwitaje?" Sikuwa na jibu. Akaongeza, "Basi bima ni hiyohiyo. Wameiandika kwa Kizungu tu."

Nimeitafakari sana ile kauli. Bima ni mchango mkubwa wa watu wasiojuana. Wote tunatia kwenye kapu, na anayepata ajali analipwa kutoka humo. Kila mmoja anatia kulingana na hatari anayoileta. Mwenye pointi anatia zaidi kidogo kwa sababu hesabu zao zinaonyesha ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuleta msiba. Unaweza kubishana na hesabu hizo, na mimi nabishana nazo, nitafika huko. Lakini ukificha pointi zako, hela hiyo haitoki mfukoni mwa yule tajiri wa ghorofani. Inatoka kwenye kapu, na wenye kapu ni pamoja na yule dada anayesafisha ofisi na gari lake dogo la mwaka 2009. Na uongo ukija kufichuka, unatoka tena kwake kwa mara ya pili, safari hii kwa jina la mchango. Amekulipia mara mbili, wala hajui.

Sasa nijibu hoja nilizozisikia pale kwenye chai, moja moja.

Ya kwanza: "Hawatajua." Hii ilikuwa na nguvu kidogo enzi za leseni ya karatasi, pointi zilipoandikwa kwenye ile karatasi ya pili, na mtu akiiacha nyumbani basi. Ile karatasi ilifutwa Juni 2015. Siku hizi pointi zote zinakaa kwenye kompyuta za DVLA, idara ya leseni kule Swansea. Kampuni za bima zina mpango na idara hiyo: ukiwapa namba yako ya leseni, ile yenye herufi na tarakimu 16, wanaweza kuona pointi zako palepale. Na wasipotazama siku unayokata bima, watatazama siku unayodai. Hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu wanaposubiri hadi siku ya ajali, umeshawalipa mwaka mzima kwa kitu ambacho huna.

Wapo pia wanaodhani kwamba kwa kuwa wanaendesha kwa leseni ya Dar au ya Kampala, pointi hazina pa kukaa. Kwanza, leseni ya nyumbani unaitumia hapa miezi 12 tu tangu uanze kuishi, baada ya hapo unatakiwa uwe na leseni ya hapa, na leseni za Tanzania, Kenya na Uganda hazibadilishwi, inabidi ufanye mtihani. Pili, hata kama huna leseni ya hapa, ukipata pointi DVLA wanakufungulia rekodi, na pointi zinakaa humo zikikusubiri. Na zile ulizopata ukiwa na leseni ya kujifunzia zinaingia nawe kwenye leseni kamili.

Hoja ya pili: "Pointi zangu zimeshakwisha." Hapa ndugu zangu wengi wanaingia mtaroni bila nia mbaya kabisa. Kuna miaka mitatu, kuna miaka minne na kuna miaka mitano, na kila mmoja una kazi yake. Pointi za mwendo kasi, zile za msimbo SP30, zinahesabiwa kwa miaka mitatu unapotafuta kama umefikisha 12 za kunyang'anywa leseni. Zinabaki kwenye rekodi yako kwa miaka minne tangu siku ya kosa. Lakini kampuni nyingi za bima zinauliza kuhusu makosa ya miaka mitano iliyopita. Kwa hiyo unaweza kutazama rekodi yako ikawa safi kama theluji, na bado jibu la kweli la swali lao likawa "ndiyo". Kwa kosa la kuendesha umelewa, rekodi inakaa miaka 11. Dawa ni kusoma swali lenyewe: wanauliza miaka mingapi, wanauliza kuhusu nani (wakati mwingine na kila dereva aliyetajwa kwenye bima, mkeo yumo), halafu ujibu hilo waliloliuliza.

Na kama ulipelekwa kwenye yale mafunzo ya mwendo badala ya kupewa pointi, hiyo si hukumu na haina pointi. Wakikuuliza kuhusu pointi, jibu ni hakuna. Lakini wakikuuliza waziwazi kama umewahi kuhudhuria mafunzo hayo, jibu ukweli.

Hoja ya tatu: "Mpe mwingine azichukue." Hii niliisikia kwa mzaha, ila kila mzaha una mwenyewe. Mwaka 2003 Chris Huhne, mwanasiasa wa hapa ambaye baadaye alikuwa waziri, alikamatwa na kamera, na mkewe wa wakati huo, Vicky Pryce, akakubali kuchukua pointi zake. Pointi tatu tu, kama zangu. Machi 2013 wote wawili walihukumiwa kifungo cha miezi minane kila mmoja kwa kupotosha haki. Miaka kumi ilikuwa imepita! Kama waziri na mchumi mwenye jina kubwa walikwenda jela, mimi na wewe wenye viza ya mwanafunzi tutasalimika kwa lipi? Hali kadhalika ule mtindo wa kuandikisha bima kwa jina la mjomba mwenye leseni safi wakati gari unaendesha wewe kila siku. Mjomba anatia leseni yake na jina lake rehani kwa ajili ya safari zako za dukani.

Hoja ya nne ndiyo nzito, na naiheshimu: "Hawa watu wanatuibia, kwa nini tuwe waaminifu kwao?" Ndugu zangu, machungu haya nayajua. Kijana wa miaka 22, leseni ya mwaka mmoja, anakaa mtaa wa wapangaji, anatajiwa bei ambayo ni zaidi ya thamani ya gari lenyewe. Uzoefu wake wa miaka minne wa kuendesha kwenye barabara ya Morogoro unahesabiwa haba, au hauhesabiwi kabisa. Na kampuni zinajua kutumia uvivu wetu. Kwa miaka mingi aliyekaa na kampuni moja bila kuuliza alikuwa akipandishiwa bei kila mwaka, huku mgeni akipewa ya chini. Wasimamizi walipiga marufuku mchezo huo kuanzia Januari 2022: anayehuisha bima ya gari asitozwe zaidi ya bei ambayo angepewa kama mteja mpya.

Na nina lawama yangu kuhusu ile barua. Kumwambia mtu kwa herufi kubwa kwamba hana haja ya kufanya lolote, halafu kwa herufi ndogo ukurasa wa tatu ukamwambia arekebishe maelezo, ni kumtegea. Kama pointi ni jambo zito kiasi cha kumfutia mtu bima, swali lake liwekwe ukurasa wa kwanza, kwa lugha ya kueleweka, na mtu ajibu ndiyo au hapana kabla hela haijakatwa. Wanayo mitambo ya kukata hela benki yenyewe, hawakosi mtambo wa kuuliza swali moja. Hilo tuwadai, na ukiona umeonewa, kuna msuluhishi wa mambo ya fedha wa hapa, Financial Ombudsman, ambaye mteja halipi kitu kumpelekea malalamiko.

Lakini kudai haki ni jambo moja, kujinyonga ni jambo jingine. Bei kubwa huishindi kwa kuficha. Unaishinda kwa kutafuta bei kwingine huku umesema kweli, maana kampuni hazilingani: moja itazipandishia pointi tatu bei mara dufu, nyingine haitajali sana. Ukificha, unachonunua ni karatasi tu yenye neno bima.

Na hebu tazameni ngazi inavyoporomoka kwa mwanafunzi. Bima yako inafutwa. Kama barua imekwenda kwenye anwani yako ya mwaka jana, na sisi tunahama kila Septemba, utaendelea kuendesha huna habari. Kamera za polisi zinasoma namba za gari na kuzilinganisha na orodha ya magari yenye bima. Utasimamishwa, na gari linaweza kuchukuliwa hapohapo. Adhabu ya kuendesha bila bima, ikiishia barabarani bila kufika mahakamani, ni paundi 300 na pointi sita. Na kama leseni yako ya hapa haijafikisha miaka miwili, pointi sita ndio mwisho wako: sheria ya madereva wapya ya mwaka 1995 inaifuta, unarudi kujifunza, unafanya mitihani yote miwili upya. Baada ya hapo kila kampuni utakayoiendea itakuuliza, je, umewahi kufutiwa bima? Jibu hilo bei yake inazidi ya pointi tatu kwa mbali sana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nirudi kwenye droo yangu. Jumatatu baada ya ule mchango niliitoa ile barua nikapiga simu. Mikono ilikuwa inatetemeka, nilitegemea kufokewa. Mama aliyepokea akaniuliza mambo matatu tu: tarehe ya kosa, msimbo wake, pointi ngapi. Akaniweka kwenye muziki kidogo, akarudi. Nyongeza paundi 58, na paundi 25 ya kubadilisha karatasi. Jumla 83. Ningesema kabla bima haijajiendeleza, zile 25 zingebaki mfukoni. Nililipa. Ni hela, sikatai, nilikula wali na maharage wiki nzima. Lakini ni chini ya mshahara wa shifti moja ya usiku, na ndiyo iliyokuwa bei ya ile siri iliyoninyima usingizi. Wengine nyongeza itakuwa kubwa kuliko yangu, hasa wenye pointi sita au wenye miaka chini ya 25, siwafichi. Bado ni ndogo kuliko gari zima, deni la mtu mwingine na mkopo unaoendelea.

Kwa hiyo dada yangu wa mwaka wa pili, hili ndilo jibu nililokunyima siku ile. Wiki hii, kabla bima haijajiendeleza, ingia kwenye tovuti ya serikali uitazame rekodi yako ya leseni. Ni bure, unahitaji namba ya leseni, namba yako ya bima ya taifa na postikodi. Andika tarehe na msimbo wa kosa. Ifungue ile barua mpaka ukurasa wa mwisho. Wapigie, sema, uliza bei mpya, halafu uulize na kampuni nyingine tatu au nne ukiwa umesema kweli kote. Chagua ya nafuu. Weka kumbukumbu ya siku uliyopiga simu na jina la uliyeongea naye, na omba karatasi mpya yenye maelezo sahihi. Ukiona umekosea baada ya kusaini, kwa kawaida una siku 14 za kughairi. Na kama pointi zimekuja katikati ya mwaka wa bima, soma mkataba wako: wengine wanataka uwaambie mara moja, wengine wakati wa kuhuisha.

Kwa chama chetu nina ombi. Kila Oktoba tunawapokea wanafunzi wapya kwa pilau na muziki, tunawaonyesha duka la kununua unga wa ugali na mahali pa kusukwa nywele. Tutenge saa moja ya kuwaeleza leseni na bima. Tunaunda kamati ya mchango baada ya ajali kwa haraka sana, tena kwa moyo mkunjufu, na hilo ni jema letu. Lakini ule mchango tuliomchangia jamaa yetu ungeweza kuepukwa kwa simu ya dakika kumi, na hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kumwambia aipige. Tulikuwa tunacheka.

Najua wapo watakaosema nimeanza uzungu. Sawa. Mzee wa Tanga hajawahi kuwa Mzungu hata siku moja, na ndiye aliyenifundisha.

Naomba kutoa hoja.